Bwate Niliyoiunguza kwa Mkono Wangu

Mtu aliyesababisha baba yangu afukuzwe kazi alikuwa akikaa mabenchi matatu mbele yetu kanisani. Kila Jumapili, kwa miaka mitatu, niliitazama shingo yake. Ilikuwa shingo nene, iliyonyolewa vizuri. Padri alipotuambia tupeane amani, yeye aligeuka na kuwapa watu mkono mpaka kwenye benchi letu, na baba akaupokea. Mimi nilijifanya natafuta ukurasa wa wimbo.

Baba alikuwa fundi katika garage ya kampuni, kule Shituru, mjini Likasi, karibu na kiwanda. Kazi yake ilikuwa bwate, ndivyo tunavyoiita giaboksi kwetu. Mafundi wa bwate za mkono walikuwa wengi. Bwate za otomatiki, zile zisizo na klachi ya mguu, zilimwogopesha kila mtu isipokuwa yeye. Zilikuja na pikapu kubwa ambazo kampuni ilizinunua kwa ajili ya kuvuta mapampu na mashine za kuchomelea vyuma. Baba aliziheshimu kama mtu anavyomheshimu mgonjwa asiyelalamika. Alituambia nyumbani, akiwa na kijiko cha mboga mkononi, kwamba otomatiki haikatiki kama mfupa, inakufa kwa homa. Ukiivutisha mzigo mzito kwenye mpando, mafuta yake yanachemka. Mafuta hayo ni mekundu kama juisi. Yakianza kuwa kahawia, unayabadilisha. Yakiwa meusi na kunuka kama mkate uliosahauliwa ndani ya tanuri, umechelewa.

Shefu wa garage, huyo mwenye shingo, alikuwa akichukua pikapu moja ya kampuni kila Jumapili baada ya misa. Alifunga trela nyuma na kwenda vijijini, mbele ya Kambove, kuleta mahindi na makala, yaani mkaa wa kupikia. Kila mtu katika garage alijua. Ilikuwa miaka ile ambayo mishahara ilikuja ikitaka, kiwanda kilizima tanuru moja leo na jingine kesho, na kila mwenye ufunguo wa kitu alikitumia kitu hicho kwa ajili ya tumbo lake. Baba hakumlaumu kwa hilo. Alimwambia tu, mbele ya wenzake, kwamba kwenye mpando ashushe mkono wa bwate mpaka gia ya chini, asiiache itafutetafute gia peke yake, na akifika juu asimame, mota, yaani injini, ikiunguruma polepole, mafuta yapoe.

Shefu alimjibu, "Weye uko fundi. Minye niko shefu."

Jumatatu moja pikapu ilirudi nyuma ya lori, imefungwa kamba. Bwate ilikuwa imeungua kabisa. Siku ya Jumatano baba aliitwa ofisini akaonyeshwa karatasi iliyoandikwa na shefu: fundi alitia mafuta ya mota ndani ya bwate ya otomatiki, kwa uzembe, bwate ikaharibika. Walimwambia atie sahihi. Baba alikataa. Alisema mafuta ya mota hayakuingia ndani ya bwate yoyote iliyopita mikononi mwake tangu alipojifunza kazi. Hawakumwuliza tena. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa nje.

Asiyeishi kwetu hawezi kujua neno hilo "nje" lilikuwa na maana gani. Hata mshahara ulipokuwa hauji, kampuni ilikuwa bado nyumba, shule na hospitali. Tuliondoka katika nyumba ya matofali ya Shituru tukahamia Kikula, katika vyumba viwili ambavyo baba alivijenga kwa matofali ya udongo nyuma ya soko. Mwaka wa pili mama alishikwa na homa. Katika hospitali ya kampuni walituuliza namba ya mfanyakazi, na hatukuwa na namba. Tulimbeba mpaka zahanati ya masista, na huko walifanya walichoweza. Sisemi kwamba shefu ndiye aliyemwua mama yangu. Nasema tu kwamba nilikuwa kwenye dirisha la mapokezi wakati karani alipouliza namba, na kwamba sikusahau.

Baba alianza kutengeneza magari ya watu uani kwetu. Kisha macho yake yakaanza kufunikwa na wingu jeupe. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, sina kazi, sina kaka. Nilivaa ovaroli yake ya zamani nikalala chini ya magari. Watu walikuja kucheka. Walisimama uani wakiangalia miguu ya mwanamke ikitokeza chini ya lori, wakaita wenzao. Baada ya miezi michache waliacha kucheka kwa sababu magari yalikuwa yanatoka. Mimi nilikuwa macho na mikono, na baba alikuwa pua na masikio. Nilimletea mafuta kwenye kiganja, akayasugua kati ya vidole, akayanusa, akasema ugonjwa. Hakukosea.

Kisha, Jumatatu moja, shefu alikuja.

Alikuwa amenunua pikapu mbili kati ya zile za kampuni wakati kampuni ilipouza vitu vyake vya zamani. Alichukua bwate nzima ya moja akaiweka ndani ya nyingine. Alikuwa bado shefu, lakini wa garage isiyokuwa na kazi, na sasa mahindi na makala vilikuwa ndiyo kazi yake ya kweli. Nilisikia pikapu ikiingia njia yetu, na kabla sijasimama, baba, aliyekuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, aliinua kichwa.

"Unaisikia?" aliniambia. "Inachelewa kuingia ya tatu. Ile bwate ni ya pikapu ya mapampu. Minye njo niliifungua na kuifunga."

Dereva wa shefu ndiye aliyeshuka kwanza, mzee kidogo, mpole, aliyekuwa dereva wake tangu wakati wa kampuni. Shefu alibaki ndani kidogo, kisha naye akashuka.

"Muzee," alisema, "habari ya siku mingi? Gari iko inateleza. Mota inalia, lakini gari haiendi. Mu mji muzima bananiambia asema ni weye tu unajua hii kintu."

Hakutaja karatasi wala mama. Nilisubiri baba amfukuze. Baba aliniomba nivute kijiti cha kupimia mafuta.

Mafuta yalikuwa ya kahawia, bado hayajawa meusi. Baba aliyanusa muda mrefu. Alisema bwate ni gonjwa lakini haijafa. Tufungue sahani ya chini, tusafishe filta, tupulize mrija unaopeleka mafuta kupoa kwenye radieta, tutie mafuta mekundu mapya. Shefu alikuwa na bido, yaani dumu, ya mafuta hayo, aliyoyapata kwa shida kutoka upande wa Zambia, kwa maana Likasi hayakuwapo tena. Aliiacha bido uani, akaenda zake kwa miguu na dereva wake nyuma.

"Baba," nilisema, "utamutengenezea gari huyu muntu?"

"Gari iko gonjwa," alijibu. "Haina kosa."

"Na mama alikuwa na kosa gani?"

Alipapasa ukuta mpaka mlangoni, akaingia ndani.

Alhamisi asubuhi baba alikwenda kwa masista kutiwa dawa ya macho. Nilibaki peke yangu na ile pikapu. Nilifanya kila kitu alichoniambia. Nilifungua sahani ya chini, nikafuta vumbi jeusi lililokaa humo kama matope ya mtoni, nikasafisha filta kwa petroli. Nilipuliza mrija mpaka hewa ikatoka upande wa pili bila kizuizi. Mikono yangu ilifanya kazi safi kuliko siku zote. Kisha nilisimama mbele ya bido ya mafuta mekundu, na pembeni yake ilikuwa bido ya mafuta ya mota, mapya, mazito, yenye rangi ya asali, ya lori la jirani.

Sikupandwa na hasira za ghafla. Nataka hilo lieleweke. Nilikuwa nimelifikiria tangu Jumatatu, nikipika, nikichota maji, nikilala. Alisema baba yangu alitia mafuta ya mota ndani ya bwate. Vema. Nilipima kidogo ya mekundu, ya kutosha kuacha rangi kwenye kijiti, na sehemu kubwa iliyobaki nikatia mafuta ya mota. Yalikuwa yakiteremka polepole ndani ya mrija wa mpira, na mimi nilikuwa natabasamu. Tangu mama azikwe sikuwa nimehisi utamu kama ule. Mafuta mekundu yaliyobaki niliyaficha nyuma ya magunia ya makala.

Dereva alikuja kuichukua kabla baba hajarudi. Alivuta kijiti, akaona wekundu, akaridhika.

"Iko muzuri sasa, mama?"

"Iko muzuri, yaya. Inaweza kuvuta mulima."

Niliona haya kidogo kumdanganya yeye, kwa sababu aliniita mama, kama watu wanavyowaita mabinti wanaowaheshimu, nami nilimwita yaya, kaka mkubwa. Lakini haya ilipita.

Walitoka na trela Jumamosi. Nilijua kila kitu ambacho kingetokea kana kwamba nimeketi kati yao. Wakienda, trela ikiwa tupu, pikapu ingevumilia. Wakirudi, magunia yakiwa yamefungwa juu kuliko kichwa cha gari, kwenye mpando ule mrefu kabla ya Kambove, mota ingeanza kulia, mafuta mazito yasingeshika diski, diski zingeteleza, zingepata moto, na yeye angemwambia dereva akanyage tu, kwa sababu ndivyo alivyo.

Jumapili benchi lake lilikuwa na nafasi. Niliimba wimbo wa kuingia kwa sauti hata shangazi mmoja akageuka kunitazama. Nilipokea komunio na furaha ile ile moyoni. Sijawahi kuikiri dhambi hiyo kwa padri, na sidhani nitaikiri.

Jumanne trekta ya mkulima mmoja iliivuta pikapu mpaka uani kwetu. Trela haikuwapo. Walikuwa wamekwama barabarani siku mbili kwenye mvua, mahindi yakalowa na kuanza kuota ndani ya magunia, na makala yakaondoka, gunia moja moja, mikononi mwa wapita njia. Shefu alikuwa na ndevu na matope mpaka magotini. Nilimtazama nikashiba.

Lakini shefu alikuwa mtu wa garage kabla ya kuwa mtu wa ofisi. Alikuwa amefungua kizibo cha chini kule kule barabarani, na mkononi alikuwa na chupa. Hakunitazama mimi. Alimwendea baba, akamshika mkono, akammiminia mafuta kiganjani.

"Nusa, muzee."

Baba aliyasugua kati ya vidole. Aliyanusa mara moja tu. Uso wake ulifanya kitu ambacho sikuwahi kukiona, hata siku ya kumzika mama: ulizimika. Majirani walikuwa wameanza kukusanyika kwa sababu ya trekta. Dereva alikuwa amesimama karibu na gurudumu, kichwa chini. Nilijua kwamba baba amejua. Nilifungua kinywa.

Yeye alinitangulia. "Ni minye," alisema. "Minye njo nilitia. Macho yangu hayaone tena. Nilichukua bido ya mota."

Shefu alipiga mikono. Aliwageukia majirani kana kwamba yuko mahakamani. "Mumesikia! Mumesikia na masikio yenu! Hata ile siku mu kampuni, minye niliandika asema ametia mafuta ya mota. Akanikatalia. Akaniita muongo. Leo amesema yeye mwenyewe!"

Alikwenda hivyo njia nzima, akisema kwa sauti. Usoni alikuwa mtu aliyepoteza mahindi na makala, lakini katika mwendo wake alikuwa ameshinda.

Nilimfuata baba ndani. Nilikuwa nalia kwa hasira. "Kwa nini umesema bongo? Si kweli, ni minye!"

"Najua ni weye." Aliketi kitandani, mkono wake bado umelowa mafuta. "Kama ningesema ni weye, nani atakuletea gari tena? Minye nimezeeka. Weye uko na miaka ya kula." Kisha alisema polepole, "Miaka yote nilikuwa nasema siwezi kutia mafuta ya mota mu bwate. Nilikuwa na ile tu. Sasa imetiwa, hapa, kwangu. Yule muntu alisema bongo, na weye umeifanya ikuwe kweli."

Hayo yalinikata kuliko kipigo. Nilikuwa nimemtafutia shefu adhabu, na badala yake nilikuwa nimempa ushahidi.

Juma lile habari ilitembea Kikula na Shituru. Mafundi wa zamani, waliokuwa wakimsalimia baba kwa heshima kama mtu aliyeonewa, walianza kutikisa vichwa. Mmoja alikuja kuchukua gari lake ambalo hatukuwa tumeligusa. Baba hakujitetea. Alikaa kwenye ndoo yake akisikiliza barabara.

Jumapili ya pili alasiri tulikuwa na jumuiya nyumbani kwa mjane mmoja, karibu na soko. Shefu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wetu. Alisoma, akaomba, kisha kwa sauti ya huruma akaongeza ombi moja: tuwaombee ndugu zetu wanaokosea kazini kwa sababu ya uzee, ili wapate unyenyekevu wa kukiri.

Nilisimama. Nilikuwa na ndara miguuni na mafuta chini ya kucha, sikuwa nimejiandaa.

"Baba yangu hakutia kitu," nilisema. "Alikuwa kwa masista siku ile, muwaulize. Ni minye. Nilitia mafuta ya mota makusudi, huyu muntu akwame mu barabara, alale mu mvua. Nilifanya vile kwa sababu aliandika bongo juu ya baba yangu, na kwa bongo yake tulikosa nyumba, tulikosa hospitali, na mama yangu iko ku makaburi. Kama mukitaka kunifukuza mu jumuiya, munifukuze. Lakini munifukuze pamoja naye."

Shefu aliinuka nusu, akasema kwamba mtoto huyu ana shetani, kwamba karatasi ya kampuni ipo, kwamba kila mtu anajua. Hapo dereva wake alisimama. Alikuwa ameketi karibu na mlango, kofia kwenye magoti. Nilifikiri anakwenda zake.

"Shefu," alisema, "ile Jumapili ya wakati wa kampuni minye njo nilikuwa nashika usukani." Sauti yake ilikuwa ndogo hata watu wakainama ili wasikie. "Mafuta yalikuwa mekundu asubuhi, nilipima. Mu mpando yalianza kunuka. Nilikuambia tusimame. Ukaniambia, kanyaga. Nilikuambia mara mbili. Nikakanyaga. Na Jumatano uliniambia ninyamaze, nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa na batoto mu masomo." Aligeuka upande alioketi baba. "Muzee, unihurumie."

Baba alisema, "Keti, ndugu yangu."

Shefu alikunja kitabu chake. Alisubiri mtu aseme neno la kumsaidia, akamtazama mmoja mmoja, na watu wakatazama sakafu ya saruji. Kisha alitoka. Hakurudi tena katika jumuiya ile, alihamia misa ya parokia nyingine.

Mngefikiri mambo yaliishia hapo. Mimi pia nilifikiri hivyo. Kesho yake asubuhi baba aliniambia nitoe mafuta mekundu niliyoyaficha. Alikuwa ameyanusa nyuma ya makala tangu siku ya kwanza, alisema, na akaogopa kujiuliza maana yake.

"Uliunguza bwate," alisema. "Utaitengeneza."

"Ile ya yule?"

"Ile uliyounguza."

Ilinichukua majuma matatu. Pikapu ilikuwa bado uani, shefu hakupata wa kuivuta. Nilitoa bwate peke yangu kwa mnyororo uliofungwa kwenye mti wa avokado. Diski nyingi zilikuwa zimebaki chuma kitupu, nyeusi kama masizi ya sufuria. Dereva, aliyekuwa ameacha kazi kwa shefu, alituonyesha garage moja iliyokufa ambamo bwate ya namna ile ilikuwa imetupwa, kuku wakitaga ndani ya sanduku lake. Nilichagua diski nzuri moja moja. Baba alizipapasa zote kwa ncha ya kidole, akazirudisha mbili ambazo mimi nilikuwa nimezipitisha. Hakunisemesha zaidi ya kazi. Majuma matatu, diski, pete, kizibo, na usiniambie imetosha, nipe mkononi. Nilimchukia shefu zaidi katika majuma yale kuliko wakati wowote, kwa kuwa nilikuwa nikimtumikia kwa magoti yangu.

Bwate iliingia ya pili, ikaingia ya tatu laini, bila kuchelewa. Baba alisikiliza, akaitikia kwa kichwa mara moja. Shefu alimtuma mpwa wake kuichukua. Baba alimshika kijana yule bega, akamweleza jambo lile lile alilomweleza shefu katika garage: gia ya chini kwenye mpando, kusimama juu, kuacha mafuta yapoe. Alimweleza yote, kwa upole, kana kwamba hakuna kilichotokea. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake nikiomba kijana asahau kila neno.

Magari yalirudi uani kwetu, baadhi yao. Wengine hawakurudi kamwe, na siwalaumu, kwa maana fundi aliyeharibu mara moja kwa makusudi ni fundi aliyeharibu. Baba aliishi miaka sita zaidi. Mafundi wa Shituru walikuja kumzika, na mmoja wao alisema kaburini kwamba mzee huyu hakukosea mafuta hata siku moja. Nilimpigia magoti mtu huyo.

Shefu alikufa baadaye, kwa sukari, kitandani kwake. Nilikwenda kwenye kilio chake. Wanawake walinisogezea nafasi kwenye mkeka, wakifikiri nimekuja kusamehe, na mjane wake akanishika mikono yote miwili akilia. Nikamwacha anishike. Nilikula bukari, ugali wa kwetu, waliyopika na samaki wa chumvi, nikaomba kuongezewa. Kisha nilitembea na wengine mpaka makaburini, nikakaa hadi walipomaliza kujaza udongo, na watu walipoanza kuondoka nikabaki kidogo, kuangalia kama wameushindilia vizuri.